Foni kunyamaza magaribi: si uchawi, ni anga

Ndugu wachimbaji, na mama zetu munaongoja habari ku nyumba, kila mutu aliyefanya kazi upande wa Kalima, Punia ao Namoya anajua foni. Pale telefone haishike, ni foni inaita muganga, ni foni inapeleka habari ya msiba Kindu. Mchana inasikika muzuri. Jua likishuka, sauti inatetemeka, inakatika. Watu wanasema operatere amelala, ao kuna mutu amefunga njia.

Hapana. Shida iko juu. Kuanzia kilometa 90 hivi mupaka zaidi ya 400, mwangaza wa jua unatia hewa umeme, inakuwa tabaka tabaka. Wenye elimu wanaziita ionosifea. Sauti ya foni inagonga pale, inarudi chini mbali, kama mupira ku ukuta. Usiku tabaka za chini zinazimika, ya juu inabaki na nguvu kidogo. Na kwetu karibu na ikweta kuna ingine: kisha jua kushuka, hewa nyepesi inapanda ndani ya ile tabaka kama povu ku sufuria. Ukuta unajaa matundu. Inazidi mwezi wa 3 na wa 4, wa 9 na wa 10, na miaka ile jua linachafuka, kila miaka 11 hivi.

Walijua namna gani? Kwa radari inayotazama juu: inatuma wimbi, inahesabu wakati wa kurudi. Mwaka 1938, Booker na Wells waliandika juu ya Huancayo, kule Peru, kama usiku wimbi linarudi limetawanyika. Hata kwetu, Lwiro karibu na Bukavu, watafiti wa IRSAC walipima anga namna hii miaka ya 1950.

Sasa, inatuhusu nini? Frekansi inayofaa mchana, usiku inatoboa tabaka na kupotea juu. Usiku inaomba frekansi ya chini, na antene ndefu inayoipatana. Chimbo lenye frekansi moja tu, usiku halina foni. Na shimo likianguka saa mbili ya usiku, halingoje asubui.

Kwa hiyo, delege, wakati wa kuzungumuza na mupatroni, usiombe foni tu. Omba frekansi mbili, antene mbili, na saa za kuitana zilizoandikwa ku ukuta. Usiku ule foni imekataa kabisa, rudilia kisha saa moja: matundu yanapita.