Papa, Dhahabu na Mchanga Uliotifuliwa

Mwaka 1715 tufani ilizizamisha meli za Hispania zilizosheheni fedha na dhahabu kwenye pwani ya mashariki ya Florida, na hadi leo wapiga mbizi huupekua mchanga wa pale kwa vitambua-metali. Maji hayohayo yana papa wengi, ndiyo maana swali haliishi: je, mashine inayotoa usumaku na umeme chini ya bahari haiwaiti? Hofu hiyo haikuzuka hewani. Usoni mwa papa kuna vitundu vyeusi, kama ndevu zilizonyolewa jana, na kila kitundu ni mdomo wa kijifereji kilichojaa ute. Stefano Lorenzini alivieleza mwaka 1678, ila kazi yavyo, kuhisi umeme, ilikuja kueleweka karne ya 20. Mwaka 1971 Adrianus Kalmijn alionyesha kwamba papa mdogo humpata samaki bapa aliyefukiwa mchangani hata harufu ikizuiwa. Zikifukiwa elektrodi zenye umeme hafifu kama wa samaki, papa huzifukua akidhani ni kitoweo.

Lakini umeme na umeme hutofautiana. Wa samaki ni mtulivu, hupanda na kushuka taratibu kadiri anavyopumua, na hisi ya papa imekaa hapohapo: huwa kali zaidi kwa mawimbi yasiyozidi 10 hivi kwa sekunde. Kitambua-metali hupiga mamia ya mara kwa sekunde, na cha aina nyingine maelfu. Isitoshe, nguvu ya koili ya kifaa hicho hufifia upesi. Ukisogea mbali mara 2, inabaki kama sehemu moja ya 8. Papa naye huutumia umeme mwishoni mwa windo, mawindo yakiwa kama nusu mita kutoka puani. Kutoka mbali huongozwa na harufu na sauti.

Mbishi atataja nyaya za mawasiliano zilizong'atwa na papa miaka ya 1980 karibu na visiwa vya Canary. Sawa, ila waya wa namna ile hupitisha umeme wa mkondo mmoja usiku na mchana, karibu zaidi na hisi ya papa kuliko mipigo ya haraka ya koili. Hata vifaa vya kufukuzia papa vinatoa ushahidi uleule: kimoja kinachojulikana sana hupiga chini ya mara 2 kwa sekunde, tena kwa nguvu ya kumkera mnyama, si kumvuta.

Kinachovuta viumbe ni mkono unaochimba. Katika maji ya Florida na Karibi, taa akitifua mchanga kutafuta kaa, kolekole humwandama begani, akidaka kila kinachokurupuka. Samaki wa jamii ya mkundaji nao hufukua kwa ndevu zao huku wakifuatwa na kundi la wengine. Mpiga mbizi anayechimbua msumari wenye kutu anafanya kazi ya taa bila kujua: minyoo na kamba wadogo wanafichuliwa, na dakika chache baadaye ana wageni. Wageni hao, samaki wadogo, ni chakula cha papa wa ukubwa wa kawaida wa pwani ile, na vumbi la mchanga limeshayachafua maji. Kuumwa kwingi Florida hutokea maji yakiwa na ukungu, papa akidhani mkono ni samaki. Ndiyo maana wapiga mbizi huambiwa wavue vitu vinavyometa, ushauri mgumu kwa mtu aliyeshuka kutafuta pete.