Unabadilishwa goti au nyonga? Panga likizo kabla ya kisu

IWAPO umeanza kushuka ngazi kinyumenyume, au unaiacha matatu ikupite kwa kuwa kidato chake cha kupandia kiko juu mno, hapana haja ya mtu kukueleza maumivu ya goti ni kitu gani. Umekwisha kupakwa mafuta ya kila aina. Umemeza vidonge hadi tumbo likaanza kulalamika. Sasa daktari wa mifupa ameitazama picha ya eksirei, akatikisa kichwa na kulitamka lile neno ulilokuwa ukiliogopa: upasuaji.

Makala haya hayakusudii kukushawishi ukubali au ukatae. Hayo ni yako na daktari wako. Yanamlenga yule aliyekwisha kukata shauri, na ambaye kesho Jumatatu ataingia katika ofisi ya mkubwa wake kuomba ruhusa. Je, ataomba siku ngapi?

Wengi huomba wiki mbili, na hapo ndipo wanapojikwaa. Jirani yangu mmoja, mwalimu wa shule ya msingi, alibadilishwa goti akaomba majuma mawili kwa sababu aliambiwa nyuzi zingetolewa baada ya siku 14. Zilipotolewa akarudi darasani. Kufikia Ijumaa ya wiki hiyo mguu ulikuwa umefura hata kiatu hakiingii, na ikabidi arudi nyumbani kukaa mwezi mmoja na nusu, mwalimu mkuu akinung'unika.

"Nilidhani nyuzi zikitoka basi nimepona," aliniambia. "Kumbe nyuzi ni za ngozi tu."

Naam, nyuzi ni za ngozi. Chini ya ngozi hiyo daktari amekata ncha za mifupa zilizosagika, zile ambazo gegedu lake limelika lote, na mahali pake akaweka chuma na plastiki ngumu. Upasuaji wa nyonga kwa njia tunayoijua leo ulianzishwa na daktari Mwingereza, John Charnley, mwaka wa 1962, na hapa kwetu hospitali kama Kenyatta, Kijabe na Kikuyu huifanya kazi hii. Chumba cha upasuaji hukuchukua saa moja na nusu au mbili hivi. Lakini misuli iliyosogezwa na kukatwa haijui habari za saa mbili. Inataka wiki, na nguvu zote huweza kuchukua mwaka mzima kurejea.

Wala usidhani hili ni jambo la wazee peke yao. Watu wenye ugonjwa wa selimundu, ambao ni wengi katika sehemu za magharibi na pwani ya nchi yetu, huweza kuharibikiwa na nyonga wakiwa vijana kabisa kwa sababu damu haifiki vyema kwenye kichwa cha mfupa wa paja. Hao wanapofanyiwa upasuaji bado wana miaka mingi ya kazi mbele yao.

Kazi yako ndiyo kipimo

Usihesabu siku kwa kutazama aliyerudi mapema. Hesabu kwa kazi unayoifanya. Anayeketi ofisini na anayeweza kuunyosha mguu chini ya meza huenda akarudi baada ya wiki nne hadi sita. Anayesimama mchana kutwa, kama mwalimu, muuguzi au muuza duka, na afikirie kati ya wiki sita na kumi na mbili. Mwashi, mchukuzi, mwendesha bodaboda na mkulima wa jembe wasitazamie chini ya miezi mitatu, na baadhi yao huenda wakashauriwa watafute kazi nyingine nyepesi. Kuendesha gari ni baada ya wiki sita hivi, daktari akikuruhusu. Isitoshe, kuna ile safari ya kwenda kazini na kurudi. Karani anayeishi mbali na ofisi, anayesimama foleni jioni na kisha kubanwa magoti kwenye kiti cha nyuma, hana kazi nyepesi kama anavyodhani.

Sasa linganisha hayo na sheria. Sheria ya Ajira ya 2007 inampa mfanyakazi aliyetumika miezi miwili mfululizo haki ya likizo ya ugonjwa isiyopungua siku 7 kwa mshahara kamili, na siku nyingine 7 kwa nusu mshahara, katika kila kipindi cha miezi 12, mradi alete cheti cha daktari. Likizo ya mwaka haipungui siku 21 za kazi. Ukiziunganisha zote unapata wiki tano hivi, au sita kasoro. Zinaweza kumtosha karani. Mwashi hazimfikishi hata nusu ya safari.

Hicho, hata hivyo, ni kiwango cha chini tu. Watumishi wa serikali na walimu wana kanuni zao ambazo ni pana zaidi, na mikataba ya vyama vya wafanyakazi aghalabu huongeza siku. Basi tafuta barua yako ya kuajiriwa, hata kama ni ya miaka mingi na panya wameanza kuitafuna, uisome kabla ya kwenda kuzungumza na mtu yeyote.

Nenda mapema, miezi miwili au mitatu kabla ya tarehe, na wala usingoje wiki ya mwisho. Mwambie mkubwa wako tarehe ya kulazwa, wiki ambazo daktari amekadiria, na jina la mwenzako atakayeshika kazi yako. Omba barua ya daktari inayotaja muda huo, na uhifadhi nakala. Ukimaliza mazungumzo andika yale mliyokubaliana, hata kwa ukurasa mmoja. Iwapo hofu yako ni kuachishwa kazi, fahamu kwamba sheria hiyo hiyo inasema kwenda likizo unayostahili si sababu ya haki ya kumfuta mtu.

Mwenye nafasi ya kuchagua wakati na auchague vizuri. Mwalimu anaweza kuomba tarehe mwanzoni mwa likizo ndefu ya Novemba na Desemba. Mkulima asikubali mwezi wa Machi, mvua ya masika ikibisha hodi, kwani atalala kitandani akiwasikia wenzake wakilima na moyo hautatulia. Ama anayejiajiri, mama wa sokoni au fundi wa cherehani, hana likizo ya kuomba kwa mtu. Lazima aanze kuweka akiba mapema, azungumze na wenzake wa chama ili zamu yake ya kupokea fedha iangukie miezi hiyo, na amtafute wa kukalia kibanda. Fundi wa cherehani cha kukanyaga asisahau kwamba mguu ndio injini ya biashara yake.

Kuhusu malipo, uliza mapema. Tangu Oktoba 2024, SHA ilipochukua nafasi ya NHIF, kibali cha matibabu hutafutwa kabla ya kisu. Uiulize hospitali maswali mawili: bima italipa kiasi gani, na je, bei niliyotajiwa ina kiungo bandia chenyewe ndani yake? Chuma hicho ni ghali, na jamaa wengi wameishia kuitisha harambee ya ghafla kwa sababu ya swali hili la pili ambalo hakuna aliyeliuliza.

Wiki za kujitayarisha

Adui mkubwa wa kiungo kipya ni viini vya maradhi. Viini hivyo husafiri kwa damu kutoka mahali usipopadhania. Jino bovu, jipu, kidonda cha mguu, hata funza wa kidoleni, vyote vitibiwe kwanza. Mwenye kisukari ahakikishe sukari imetulia, la sivyo upasuaji utaahirishwa, na likizo uliyoitafuta kwa jasho itapotea bure. Anayevuta sigara aache angalau wiki nne kabla, kwani moshi huchelewesha kidonda kupona. Pima damu mapema pia: ikiwa ni pungufu, kuna muda wa kuiongeza kwa vidonge. Huenda ndugu zako wakaombwa kujitolea damu, basi waarifiwe nao.

Mweleze daktari kila unachokimeza. Nasema kila unachokimeza, pamoja na zile dawa za miti shamba ulizoletewa na shangazi. Baadhi ya dawa hufanya damu isigande, na daktari ndiye wa kusema ipi iachwe na lini. Usijinyoe mguu mwenyewe nyumbani ukidhani unawasaidia wauguzi. Vijikato vya wembe ni milango ya viini.

Kisha anza mazoezi sasa, usingoje hospitali. Lala chali, bonyeza goti chini kwenye godoro hadi msuli wa mbele ya paja ukaze, uhesabu hadi tano, uachie. Rudia mara kumi, asubuhi na jioni. Mwone mtaalamu wa mazoezi ya viungo akufundishe na kutembelea magongo ungali na nguvu. Akikufundisha ngazi, kumbuka: kupanda, tanguliza mguu mzima, kushuka, tanguliza uliopasuliwa.

Nyumbani je?

Hapa wengi hawafikirii kabisa, na vijitabu vya ughaibuni haviwezi kuwasaidia kwa sababu havijui choo cha shimo. Aliyebadilishwa nyonga kwa kawaida huambiwa, kwa wiki kati ya sita na kumi na mbili, asikunje nyonga kupita pembe mraba, asipishanishe miguu, wala asijipinde ghafla, maana kichwa cha kiungo kinaweza kuchomoka. Sasa atachutamaje? Aliyebadilishwa goti naye hataweza kulikunja kiasi hicho. Mwite seremala wiki mbili kabla. Mpe kiti imara chenye mikono, akitoboe tundu katikati, na kirefu kiasi kwamba ukikikalia magoti hayapandi juu ya nyonga. Kitawekwa juu ya shimo, au chumbani na ndoo chini yake wakati wa usiku. Ni kazi ya siku moja, nayo hukuondolea aibu na hatari pamoja.

Kigoda cha jikoni nacho kiwekwe kando. Kochi lile linalokumeza pia. Kitanda kiwe cha juu. Kama ni cha chini, ongeza godoro. Kulala kwenye mkeka ni marufuku. Kama unapika kwenye mafiga, mtu mwingine apike. Ondoa vitambaa vya sakafuni, fungia kuku nje, weka taa karibu na kitanda, na malapa yanayoteleza uyaachie vijana. Ukiwa unakaa ghorofa ya nne isiyo na lifti, omba hifadhi kwa jamaa anayeishi chini.

Na huyo atakayekuhudumia, bintiyo au mkeo, ana kazi yake pia. Likizo yake imepangwa? Nimeona familia zikipanga siku za mgonjwa kwa makini sana, kisha siku ya kutoka hospitali watu wakatazamana: nani anabaki naye kesho? Kwa wiki mbili za kwanza mtu hafai kuachwa peke yake.

Hospitalini utaamshwa utembee siku hiyo hiyo au kesho yake. Usiwadhanie wauguzi kuwa ni wakatili. Kulala tu huifanya damu igande mguuni, na bonge hilo likisafiri hadi mapafuni linaua. Ndiyo maana utapewa sindano au vidonge vya kuzuia kuganda. Vimalize vyote hata ukijisikia mzima. Kwa wengi siku tatu hadi tano zatosha wodini. Safari ya kurudi ikiwa ndefu, tuseme kutoka Kikuyu hadi Kisii, tafuta gari la kuketi mbele, msimame kila baada ya saa moja utembee kidogo.

Nyumbani watakuja wageni na chupa za mafuta ya kuchua. Washukuru, uziweke kabatini. Ndama ya mguu ikifura na kuuma isichuliwe kamwe: nenda hospitali. Vivyo hivyo homa, usaha, kidonda chekundu chenye joto, au pumzi kukatika na kifua kuuma. Hilo la mwisho halingoji asubuhi.

Ukirudi kazini, omba uanze kwa nusu siku au kazi nyepesi, na barua ya daktari iseme hivyo waziwazi. Weka kiti cha pili cha kuegeshea mguu. Kupiga magoti huenda kusirudi kama zamani. Waumini wengi waliobadilishwa goti husali wakiwa wameketi, na hakuna anayewauliza. Kiungo chenyewe kitakutumikia. Uchunguzi mkubwa uliochapishwa mwaka wa 2019 ulionyesha kwamba magoti bandia yapatayo manane katika kila kumi hudumu miaka 25, ilhali nyonga ni karibu sita katika kumi.

Jambo moja dogo limebaki. Mlangoni mwa benki au jumba la maduka, kile kifaa cha askari cha kukagua chuma huenda kikalia kikifika gotini mwako. Mwambie mapema kabla hajaanza kukupapasa, na uwe na nakala ya barua ya hospitali mfukoni. Jirani yangu mwalimu huibeba ndani ya kitambulisho chake, nayo imekunjwa mara nne hadi imeanza kuchanika.