Kikoba Hubeba Mzigo Gani?

Mkoa wa Dodoma hupata msimu mmoja tu wa mvua, kwa kawaida kuanzia Desemba hadi Aprili. Januari na Februari huwa miezi migumu: mtama na uwele bado viko shambani, akiba ya mavuno yaliyopita inaelekea ukingoni, na shule zimefunguliwa. Chakula, sare, daftari na dawa hudaiwa kwa wakati mmoja, na katika kaya nyingi anayedaiwa ni mama. Wanawake wengi wamejibu hali hiyo kwa kujiunga na vikoba. Tutazame hatua kwa hatua jinsi kikoba kinavyofanya kazi.

Kikoba ni kikundi cha watu wanaojuana, wanaoweka akiba pamoja na kukopeshana kutokana na akiba hiyohiyo. Mfumo huu ulianzia Niger mwaka 1991, shirika la CARE lilipofanya kazi na wanawake wa Maradi. Baadaye ulienea katika nchi nyingi za Afrika, na hapa Tanzania ukazoeleka kwa jina la VICOBA.

Msingi wa kwanza ni hisa. Hisa ni kiasi cha fedha ambacho kikundi kimekubaliana, tuseme shilingi 2,000. Katika kila kikao mwanachama hununua kuanzia hisa moja hadi tano, kadiri ya uwezo wake. Ukomo huo una sababu: mwenye biashara kubwa asimfunike muuza mboga.

Msingi wa pili ni mkopo. Mwanachama hukopa, mara nyingi hadi mara tatu ya akiba yake, kisha hulipa marejesho pamoja na riba. Riba hiyo haiendi kwa mtu wa nje. Mwisho wa mzunguko, baada ya takribani mwaka mmoja, kikoba huvunjwa, na kila mmoja hupata akiba yake na faida kulingana na hisa zake.

Msingi wa tatu ndio unaohusu mzigo moja kwa moja, nao ni mfuko wa jamii. Huu hutenganishwa na hisa, na hutolewa kwa ugonjwa, msiba au uzazi. Tuseme wanachama 20 wanachanga shilingi 500 kila wiki. Mtoto wa mmoja wao akilazwa na zikahitajika shilingi 60,000, mfuko huzikusanya kwa wiki sita. Mama huyo angeweka 500 zake peke yake, angehitaji wiki 120, yaani zaidi ya miaka miwili. Kipato cha wanachama hakijaongezeka hata kidogo. Kilichobadilika ni mpangilio wa michango yao.

Mpangilio huo hulindwa kwa taratibu. Fedha huhesabiwa mbele ya wote na kufungiwa katika sanduku lenye kufuli tatu, na funguo hushikwa na wanachama watatu tofauti. Asiyefika kikaoni huulizwa habari zake, na hivyo shida yake hujulikana mapema. Tena, kwa kuwa kiasi cha kusaidiwa kimeandikwa katika katiba ya kikundi, anayeuguza hadai hisani. Anachukua haki yake, na kesho atachangia haki ya mwenzake.

Sasa tuangalie mipaka. Hesabu yetu ilisimama juu ya sharti moja: shida imempata mmoja, na wenzake 19 wako salama. Ukame hauheshimu sharti hilo. Njaa ya Mtunya, iliyoikumba Ugogo, nchi ya Wagogo hapa Dodoma, kati ya 1917 na 1920, haikuchagua kaya. Mvua inapokosekana leo, wote huhitaji fedha kwa pamoja, na hisa hupungua wakati huohuo. Mwenye marejesho anaweza kukimbilia mikopo ya riba kubwa, iitwayo kausha damu, ili asiaibike mbele ya wenzake, na deni la nje likawa zito kuliko la ndani. Isitoshe, aliye maskini kabisa, asiyemudu hata hisa moja, hubaki nje ya kikundi tangu mwanzo.

Kwa hiyo panahitajika mkono mwingine. Sheria inazitaka halmashauri kutenga asilimia 10 ya mapato yake ya ndani kwa mikopo isiyo na riba: asilimia 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana na 2 kwa watu wenye ulemavu. Utoaji wa mikopo hiyo ulisimamishwa mwaka 2023 ili utaratibu urekebishwe, ukarejeshwa mwaka 2024. Hata hivyo, mkopo nao hulipwa, na hauchimbi kisima wala haujazi ghala la kijiji.

Tukifuata hesabu yetu ya wanachama 20 hadi mwisho, tunaona kwamba kikoba kina nguvu dhidi ya shida zinazokuja kwa zamu, na ni dhaifu dhidi ya shida zinazowajia wote siku moja. Mwanamke wa Dodoma anafanya jambo la busara anapojiunga nacho, na anastahili kuheshimiwa kwa nidhamu hiyo. Lakini kumsifu kwa umoja wake huku akiachiwa ukame, maji na zahanati avibebe ni kuuhamisha tu mzigo kutoka kichwa kimoja kwenda vichwa 20. Mzigo wa wote ni wa halmashauri na Serikali, na hao ndio wa kudaiwa.