Krisps za ndizi si sawa na ndizi

Mzazi anayemtilia mtoto pakiti ya krisps za ndizi kwenye mkoba wa shule huamini amempa tunda. Sivyo hasa. Gramu 100 za ndizi mbivu zina kalori 90 hivi na karibu hazina mafuta. Krisps za uzito huo huo hufikisha kalori 500 hivi, na robo hadi theluthi ya uzito wake inaweza kuwa mafuta. Kipande kinapoingia kwenye karai, maji yake hutoka kama mvuke na mafuta huchukua nafasi hiyo. Potasiamu na nyuzinyuzi hubaki. Sehemu ya vitamini C huharibiwa na joto.

Kisha kuna chumvi. Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima ale chini ya gramu 5 kwa siku, yaani kama kijiko kimoja cha chai, na mtoto apungukiwe zaidi.

Kwa wakulima wetu hii ni biashara nzuri, hilo halina ubishi. Ila nusa kabla ya kununua: krisps zenye rangi nyeusi au harufu ya mafuta ya zamani ziache. Mtoto akizipenda, mtolee kiganja kimoja kwenye sahani, pakiti ibaki kabatini. Mkobani weka ndizi mbivu.