RAM Nzima, Mazabodi Nzima, Mbona Skrini Nyeusi?

Mdogo wangu anasoma chuo Iringa. Wiki mbili kabla ya kukabidhi ripoti yake ya utafiti alinipigia simu usiku: kompyuta yake ya mezani, ya mtumba, yenye RAM ya GB 2, ilikuwa ikiganda kila akifungua data. Akachukua Sh 40,000 kwenye boom lake, akanunua kadi ya DDR3 ya GB 4. Kuichomeka tu, feni zinazunguka, skrini nyeusi. Fundi akamwambia mazabodi imekufa, atafute kompyuta nyingine. Kwa hela ipi?

Mimi niko Mbeya, basi nikawa fundi wa simu. Futa pini kwa kifutio. Hamisha sloti. Toa betri ya BIOS, subiri, rudisha. Wapi! Alipoirudisha kadi ya zamani, mashine ikawaka. Kwa hiyo mazabodi ilikuwa hai. Nikasema kwa kujiamini kabisa: RAM ni mbovu, irudishe. Mwenye duka akaichomeka kwenye mashine yake, ikasoma GB 4 bila tatizo. Hapo nilichemka.

Nikamwomba anitumie picha ya kadi, na jina la chipseti kutoka programu ya CPU-Z. Chipseti: Intel G41. Kadi: chipu 8 tu, zote upande mmoja. Jibu lilikuwa pale pale.

Tupige hesabu kidogo, usikimbie. GB 4 ni sawa na gigabiti 32. Ukizigawa kwa chipu 8, kila chipu inabeba gigabiti 4. G41 inaelewa chipu zisizozidi gigabiti 2. Kwa nini? Ndani ya chipu, kumbukumbu imepangwa kwa mistari na safu, na kila mstari una namba yake. Chipu hizi za gigabiti 2 zina mistari 32,768 katika kila kundi, namba inayoandikika kwa waya 15 za anwani. Za gigabiti 4 zina mistari 65,536, na hapo unahitaji waya wa 16. G41, iliyotoka mwaka 2008, haiutumii waya huo. Mfikirie mhudumu wa gesti anayejua kuandika tarakimu mbili tu: chumba namba 100 kwake hakipo, hata kama kitanda kimetandikwa. Ndiyo maana mashine za namna hii wakati mwingine husoma nusu ya RAM, wakati mwingine hazisomi kitu. Na usidhani kubadili prosesa kutasaidia. Katika kizazi hiki cha Core 2, anayesimamia RAM ni chipseti.

Kumbe kadi ya GB 4 yenye chipu 16, nane kila upande, ingeweza kukubali, maana kila moja ina gigabiti 2. Ila dukani hawakuwa nayo. Walikuwa na kadi za GB 2 zenye chipu 8: gigabiti 16 kugawanya kwa 8, unapata 2. Inapita. Mwenye duka alinuna kidogo, akakubali kubadilishana kwa kuongezewa Sh 10,000. Kadi mbili, sloti mbili.

Kama mashine yako ni ya DDR2, usijaribu kulazimisha DDR3: zote zina pini 240, lakini pengo liko mahali tofauti, na umeme ni volti 1.8 dhidi ya 1.5. Tena ukikuta DDR2 ya GB 4 kwa bei ya kutupa, uliza kwanza. Nyingi ni zile zinazokubali kwenye mazabodi za AMD tu.

Kesho yake akaniandikia: imewaka, ila Windows inaonyesha GB 3 na ushee. Windows yake ni ya biti 32, haiwezi kuzitumia zote nne. Nikamwambia aache hivyo hivyo, amalize ripoti kwanza.