Kaye ilisema kweli, programu ikadanganya

Namna gani kompyuta inaweza kumshitaki mtu ambaye hakuiba hata franga moja? Mtengeneza programu mmoja wa Bukavu anatueleza kosa lake mwenyewe, na mambo aliyojifunza juu ya vyombo vya kazi yake.

Ukisema mtaani kama umesoma enformatiki, kesho yake asubuhi wanakuletea simu iliyokufa, mashini ya kuchapa iliyokwama karatasi, na televisheni ya jirani isiyoshika picha. Nimezoea. Lakini kazi yangu si hiyo. Mimi ninaandika programu, ni kusema maagizo ambayo kompyuta ama simu inafuata mstari kwa mstari, bila kuuliza kama yana maana. Hapo kwa “bila kuuliza” ndipo taabu zangu zote zinatoka, na nitawaeleza moja.

Katika komini ya Kadutu kuko kundi la wamama ishirini na wawili. Wanauza sambaza, sombe, sabuni, vitu vya kila siku. Kila Jumamosi, siku ya posho, wanakutana kwa AVEC yao. Msomaji wa huku kwetu hahitaji kuelezwa AVEC ni nini, mitaa mingi iko nazo. Pengine wachache tu ndio wanajua kama namna hii ya kuweka akiba ilianzia mbali, Niger, mwaka 1991, kwa wamama wa vijijini ambao wengi hawakusoma. Ndiyo maana iko na mambo mawili yanayonishangaza hata leo. Kwanza, sanduku liko na kufuli tatu, na funguo ziko kwa watu watatu mbalimbali, na mtunza sanduku hana hata mmoja. Pili, kabla ya kuachana wanasema kwa sauti feza iliyobaki sandukuni, na kila mmoja anaondoka akiikumbuka. Mkutano unaofuata unaanza kwa kuulizana: tuliacha ngapi? Tena kila mama ana kitabu chake kidogo, na kila sehemu aliyonunua inapigwa muhuri humo.

Mama mdogo wangu ni mmoja wao. Siku moja akaniambia: “Wewe unashinda kwa mashini usiku na mchana, utufanyie basi kitu ya kuhesabu.” Nilifurahi sana. Nilimaliza kwa majuma matatu. Nikawaletea kompyuta yangu ya zamani, ile ambayo batri yake ilikwisha kufa, inatembea tu ikiwa kwenye umeme. Karani wao alijifunza haraka. Nikarudi nyumbani nikijiona mtu mkubwa.

Mwisho wa mwezi, programu ikasema sandukuni kunapaswa kuwa na franga 118.000 zaidi ya zile walizohesabu kwa mikono.

Wakahesabu tena. Ni vile vile. Macho yote yakaenda kwa mama mtunza sanduku. Funguo hana, ndiyo, lakini sanduku linalala kwake. Mmoja akasema neno ambalo nimelisikia mara nyingi, hata ofisini kwa watu waliosoma: “Kompyuta haiwezi kudanganya.” Ilichukua majuma mawili. Katika majuma hayo wateja wawili wa miaka mingi waliacha kununua sambaza kwake. Kwa mtu anayeishi kwa faida ya siku, hayo si mambo madogo. Na heshima ikiondoka sokoni, haina mahali pa kununuliwa.

Yeye hakupiga kelele. Mkutano uliofuata alikuja na kaye yake, ile ya ukurasa mia moja inayouzwa barabarani, akaiweka mezani: “Mimi sikuiba franga ya mutu. Kaye iko hapa. Mashini njo ituambie ile feza iliona wapi.”

Wakaniita. Nikafungua programu, na hapo haya ikaanza kunishika, kwa sababu mashini haikuweza kujibu. Nilikuwa nimeiandika namna hii: kwa kila mama inaweka jumla yake tu. Akileta sehemu tatu, inachukua jumla ya zamani, inaongeza tatu, inafuta ya zamani na kuandika mpya. Njia iliyofika kwenye ile jumla haikuandikwa popote.

Basi tukaiacha mashini, tukashika kaye. Sehemu moja ni franga 2.000. Ukigawa 118.000 kwa 2.000 unapata 59. Tukapindua kurasa kutafuta siku ambayo walinunua sehemu 59, na tukaipata: Jumamosi ya pili ya mwezi. Mihuri kwenye vitabu vidogo, tulipoihesabu kimoja kimoja, ikatoa 59 vilevile. Karani akashika kichwa. “Ile siku umeme iliendaka. Nilikuwa nimemaliza, kioo ikazima. Iliporudi sikuona kitu, nikaandika yote mara ya pili.”

Programu ilikuwa imehifadhi ile mara ya kwanza. Umeme ulikatika kati ya kuhifadhi na kuandika kwenye kioo kwamba imehifadhi. Ilipowashwa tena ilifungua ukurasa mweupe, kwa kuwa mimi niliona ni vizuri ianze na ukurasa mweupe. Karani alifanya kile ambacho mtu yeyote mwenye akili angefanya. Kosa lilikuwa langu, na nililisema mbele ya wamama wote ishirini na wawili, nikaomba radhi. Mama mtunza sanduku alinitazama muda mrefu. “Sawa, papa. Sasa uitengeneze.”

Nimefikiri sana juu ya siku ile, na ningependa kueleza kilichokosekana, kwa sababu kinawagusa hata wale ambao hawataandika programu maishani mwao.

Kila mtu aliyewahi kutuma feza kwa simu anaijua hali ile. Umebonyeza, kile kiduara kinazunguka, rezo inapotea, ujumbe haufiki. Je, feza imekwenda ama haijakwenda? Ukituma tena, pengine itatoka mara mbili. Usipotuma, pengine mtoto anafukuzwa masomoni kesho. Kujua kama kitu kimefanyika ni kazi nyingine kabisa, mbali na kukifanya. Dawa yake ni ya zamani kuliko kompyuta: mpe kila tendo namba yake kabla halijaondoka. Likifika mara ya pili na namba ile ile, anayepokea anasema “hii ninayo tayari,” na hahesabu. Kwa kundi letu haikuhitaji hata akili nyingi. Mama wa kumi na nne, mkutano wa tisa, mstari mmoja tu. Mstari wa pili wenye alama hizo hizo ungekataliwa. Sikuweka kanuni hiyo, kwa kuwa nilipojaribisha programu nyumbani umeme haukukatika hata siku moja. Bahati mbaya, kwa kweli.

Jambo la pili ni kufuta. Angalia namna mama anavyoandika kwenye kaye kwa biki. Akikosea hasuguli, anapiga mstari juu ya kosa na kuandika sahihi chini yake, na kosa linabaki linaonekana. Watunza hesabu wa zamani wote walifanya hivyo. Mimi niliyesoma miaka mitano nilitengeneza chombo kinachokumbuka kidogo kuliko kaye. Siku hizi programu haifuti kitu: kila sehemu inayoingia ni mstari, kila mkopo ni mstari, masahihisho ni mstari pia, na jumla inahesabiwa upya kila unapoiuliza.

Jambo la tatu lilikuwa bado halijatukuta, lakini lingetukuta. Umeme ungeweza kukatika katikati ya kuandika kwenyewe, faili ikabaki nusu, kama barua ambayo mwandishi alianguka akiiandika. Kwa hiyo nikaacha kuandika mafaili kwa mikono yangu, nikachukua chombo kinachoitwa SQLite. Historia yake inanipendeza. Mtu mmoja wa Marekani, D. Richard Hipp, alikuwa anafanya kazi kwa ajili ya meli ya kivita ya nchi yake. Programu yake ilitegemea programu nyingine kubwa iliyotunza habari, na ile kubwa ikisimama, yake inaonyesha tu ujumbe wa kosa. Hakuwa na kosa, lakini lawama zilimwangukia yeye, kwa kuwa kioo ambacho watu walikitazama kilikuwa chake. Akatengeneza chombo kisichotegemea mwingine: faili moja tu, ndani ya mashini yako mwenyewe. Kilitoka mwaka 2000. Leo kiko ndani ya kila simu ya Android na kila iPhone, na mwenyewe aliwaachia watu wote bure, bila kudai haki yoyote.

Kinavyofanya kazi ni hivi. Kabla ya kugeuza kitu, kinaandika pembeni jinsi kilivyokuwa. Kikimaliza salama, kinatupa yale maandishi ya pembeni. Umeme ukikatika katikati, siku kitakapowashwa kinaona maandishi ya pembeni bado yapo, kinajua kazi haikuisha, na kinarudisha kila kitu kama mwanzo. Ni yote ama hakuna. Mimi nakaa mjini ambapo umeme unaondoka bila kuaga. Kwangu hicho si kitu cha starehe.

Chombo kingine ninachokishukuru ni Git. Kilitengenezwa mwaka 2005 na Linus Torvalds, yule aliyeanzisha Linux mwaka 1991, wakati yeye na wenzake walinyimwa ruhusa ya kuendelea kutumia bure chombo cha kampuni moja. Aliandika cha kwake kwa siku chache. Git ni kaye ya mwandika programu: kila badiliko linaingia na jina la aliyelifanya, siku, na sababu. Tena kila anayeshiriki kazi ana kopi ya historia nzima, tangu mstari wa kwanza. Ndiyo sababu mimi naweza kufanya kazi siku tatu bila rezo, nikihifadhi kila hatua hapa kwangu, halafu usiku mega zikiwa bei nafuu natuma yote kwa mara moja. Kompyuta yangu ikiibiwa, mwenzangu wa Uvira anayo yote. Niliposhika vizuri maana yake nikakumbuka wale wamama wanaoondoka kila mmoja na hesabu kichwani. Walikuwa na kopi ishirini na mbili. Mimi nikawaletea moja, kwenye mashini isiyo na batri.

Kuko na mambo madogo ambayo watu hawayajui juu ya kazi hii. Kompyuta nyingi za huku ziko na klavye ya Kifaransa, na alama za mabano tunazozitumia kila dakika zimefichwa kwenye vitufe vya namba. Unabonyeza viwili kwa pamoja, mkono unauma. Wengine wamehamia klavye ya Kiingereza kwa sababu hiyo tu. Halafu hesabu zenye nukta: mwambie kompyuta ijumlishe 0,1 na 0,2 kwa njia yake ya kawaida, nayo ndani yake inapata 0,30000000000000004. Inahesabu kwa sifuri na moja, na sehemu ya kumi haiandikiki kamili kwa namna hiyo, kama vile theluthi haiandikiki kamili kwa nukta zetu. Kwa hiyo feza haiandikwi kwa nukta. Franga naihesabu nzima nzima, dola naihesabu kwa senti, na sizichanganyi hata siku moja, maana bei ya dola inabadilika na mkopo wa dola unarudi kwa dola.

Vijana wananiuliza kama hizi programu za akili bandia zinazoandika programu zenyewe hazitatuondoa kazini. Ninazitumia rezo ikiwepo, na zinanisaidia. Ukiziambia ziandike ulinzi dhidi ya kurudia, zinaandika vizuri pengine kuliko mimi. Lakini lazima ujue kuziambia. Mimi nilijua siku mtu mwingine alipolipa bei ya ujinga wangu.

Programu mpya iko kwenye simu ya karani sasa, haihitaji rezo, na ikianza inaonyesha kwanza mkutano wa mwisho: walioandikwa, sehemu ngapi, jumla ngapi. Niliwaambia wanaweza kuacha kaye wakitaka. Walicheka. Malipo yangu yalikuwa bugali na sambaza, sahani mbili, na zilitoka kwa biashara ya mama mtunza sanduku mwenyewe.

Wateja wake wawili, mmoja alirudi. Yule mwingine bado ananunua upande wa pili wa soko.

Kila Jumamosi, kabla ya kuachana, mama mtunza sanduku anasoma jumla kutoka kaye yake. Karani anasoma ile ya simu. Halafu wanauliza mama mmoja, yeyote, bila kumwonya mbele, aseme wiki iliyopita waliacha ngapi. Hesabu zisipofanana, hakuna anayeenda nyumbani, na mimi ninapigiwa simu.