Umefunga matairi makubwa? Hesabu na meno ya difu

Na Mwandishi Wetu, Ifakara

MSIMU wa mavuno ya mpunga unapofika katika Bonde la Kilombero, mkulima mwenye gunia shambani na mfanyabiashara mwenye fedha mkononi wote humtegemea mtu mmoja: mwenye lori. Mpunga hutoka Mngeta, Mlimba, Lupiro na Malinyi, huja Ifakara kukobolewa, kisha mchele huendelea na safari kwenda Morogoro na Dar es Salaam.

Tatizo ni kwamba mavuno huanza wakati udongo wa bondeni bado umelowa. Ndiyo maana baadhi ya wenye malori madogo hufunga matairi makubwa kuliko yaliyotoka nayo kiwandani, ili difu isikwaruze tuta la katikati ya njia.

Uamuzi huo una faida. Hata hivyo, una gharama ambayo haionekani siku ya kununua tairi. Huonekana baadaye, pale klachi inapoanza kunuka na dizeli inapokwisha kabla ya safari.

Tairi kubwa hupunguza nguvu

Tairi likizunguka mara moja, gari husogea kwa urefu wa mzingo wa tairi hilo. Ukifunga tairi kubwa, mzunguko uleule hulisogeza gari mbali zaidi, na injini hulazimika kuvuta mzigo uleule kwa nguvu pungufu. Ni sawa na mwenye baiskeli aliyeondoa gia ya nyuma akaweka yenye meno machache. Kwenye tambarare atakwenda vizuri, lakini mlimani atashuka na kusukuma.

Chukua mfano wa lori dogo lenye matairi ya 7.50-16, ambayo kipenyo chake ni karibu sentimeta 80. Mwenye gari akifunga 8.25-16, kipenyo kinakuwa karibu sentimeta 86. Gawanya 86 kwa 80, utapata 1.075, yaani ongezeko la asilimia 7.5. Nguvu ya kusukuma gari nayo hupungua kwa asilimia 7 hivi.

Gari likiwa tupu hutahisi tofauti kubwa. Likiwa na shehena, likipanda kutoka Lupiro kwenda Mahenge, utaihisi kila kona.

Dira ya mwendo nayo hudanganya. Inaposoma kilomita 80 kwa saa, ambacho ndicho kikomo cha magari ya mizigo yanayozidi tani tatu na nusu, wewe uko kwenye 86. Tochi ya trafiki haisomi dashibodi yako.

Jua kwanza difu uliyonayo

Dawa ya tatizo hili iko ndani ya difu. Humo kuna gia kubwa, krauni, na gia ndogo inayoisukuma, pinioni. Meno ya krauni ukiyagawanya kwa meno ya pinioni unapata uwiano wa difu. Krauni ya meno 41 na pinioni ya meno 7 hutoa 5.86. Namba ikiwa kubwa, gari huwa na nguvu zaidi na mwendo mdogo. Ikiwa ndogo, huwa na mwendo zaidi na nguvu kidogo.

Magari mengi huja yakiwa yametumika, na difu inaweza kuwa imekwisha kubadilishwa. Usiamini kibao cha mlangoni peke yake. Pima mwenyewe ukiwa na fundi.

Simamisha gari mahali tambarare, zuia magurudumu ya mbele kwa magogo, weka gia huru. Inua upande mmoja wa nyuma kwa jeki na uweke stendi imara. Katika malori mengi madogo breki ya mkono hushika propela, hivyo ni lazima iachiliwe. Ndiyo sababu magogo ni ya lazima. Weka alama ya chaki kwenye propela, kisha zungusha gurudumu lililo juu mara 20 huku mwenzako akihesabu mizunguko ya propela. Gawanya jibu kwa 10. Propela ikizunguka mara 58 na nusu, difu yako ni 5.85 hivi, yaani ile ya 41 kwa 7.

Hesabu ya difu mpya

Hesabu ni moja tu: uwiano wa zamani, zidisha kwa kipenyo kipya, gawanya kwa kipenyo cha zamani. Kwa mfano wetu, 5.86 mara 86, gawanya kwa 80, jibu ni 6.30. Hiyo ndiyo difu ambayo ingerudisha gari katika hali yake ya mwanzo.

Difu ya 6.30 kamili huenda usiipate. Fundi anaweza kukuletea seti ya 43 kwa 7, ambayo ni 6.14, au ya 41 kwa 6, ambayo ni 6.83. Hapo ndipo mwenye mali anapotakiwa kuamua, na uamuzi hutegemea njia ambayo gari hupita likiwa na mzigo.

Angalia mizunguko ya injini kwa dakika, gari likiwa kwenye gia ya moja kwa moja na mwendo wa kilomita 60 kwa saa. Kabla ya kubadilisha chochote ilikuwa 2,330. Kwa matairi makubwa na difu ya zamani ni 2,170. Kwa difu ya 6.14 ni 2,270. Kwa difu ya 6.83 ni 2,530, na ukifika kilomita 80 inakuwa karibu 3,370. Kwa injini nyingi za dizeli huo ni mzunguko mkubwa mno kwa safari ndefu.

Zamani hesabu ilikuwa rahisi, kwa sababu njia zote zilikuwa mbaya. Sasa mambo yamebadilika. Daraja la Magufuli lenye urefu wa mita 384 lilifunguliwa mwaka 2018 na kuondoa foleni ya kivuko katika Mto Kilombero, na barabara ya Kidatu hadi Ifakara imewekwa lami.

Kwa hiyo, lori linalotoa mpunga mashambani na kuushusha Ifakara, halafu likarudi, litafaa zaidi kwa 6.83. Lori linalopakia mchele Ifakara na kwenda nao Dar es Salaam lichukue 6.14, kwa kuwa tofauti yake na hali ya mwanzo ni asilimia 2.5 tu. Na kama ongezeko la tairi ni asilimia 2 au 3, acha difu kama ilivyo.

Kabla ya kutoa fedha

Krauni na pinioni husagwa pamoja na huuzwa kwa jozi. Usichukue krauni ya huku na pinioni ya kule, hata kama meno yanahesabika sawa. Hakikisha pia seti hiyo ni ya aina ya difu yako, na fundi apime mgusano wa meno kwa rangi kabla ya kufunga.

Kama gari lako huvuta mbele na nyuma, badilisha difu zote mbili ziwe na uwiano mmoja. Ukibadilisha moja, difu hizo zitapigana na kitu kitavunjika.

Aidha, hakikisha matairi ya nyuma yaliyofungwa mawili mawili hayagusani, na kwamba ya mbele hayagusi chasi usukani unapokatwa. Tairi kubwa pia huongeza kazi ya breki, na haliongezi uzito ambao gari linaruhusiwa kubeba kwenye mizani.

Baada ya hapo, andika gharama zote: matairi, difu, fundi na siku ambazo gari litalala gereji. Linganisha na gharama ya kubaki na tairi la kipimo cha zamani lenye kashata nzuri za tope. Huenda ukagundua kwamba kwako hilo linatosha. Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari, na lori ni mali.